Lenzi ya makro: ilitoka wapi, na nilichaguaje yangu

Nimekuwa kimya kwa muda, na waliokuwa wakingoja sehemu ya pili ya makala yangu kuhusu hifadhidata itabidi waniwie radhi tena. Leo nataka kuzungumzia lenzi. Ndiyo, lenzi za kamera! Mimi ni mwandishi wa programu, si mpiga picha, lakini kwa miezi mitatu jambo hili limeninyima usingizi kuliko programu yoyote yenye wadudu, na katika kulifuatilia nimekutana na historia ambayo mwishowe inarudi kwenye tarakilishi hii hii unayosomea. Vumilieni kidogo.

Chanzo chake ni daftari. Babu, baba yake mama, alikuwa na duka dogo Mji wa Kale, Mombasa. Hesabu zake aliandika kwa Kiswahili lakini kwa herufi za Kiarabu, kama walivyoandika wengi wa rika lake huko pwani. Daftari moja ndilo lililobaki. Ni dogo, linaingia mfukoni mwa kanzu, karatasi zake zimekuwa rangi ya chai na mchwa wamekula pembe za chini. Katika ukurasa mmoja wa mwaka 1938 ameorodhesha watu waliochanga fedha za kununua jahazi. Mama ameamini maisha yake yote kwamba baba yake alitoa shilingi 500, na kwa hivyo jahazi lilikuwa lake hasa. Wajukuu wa mwenzake wanasema alitoa 50, mchango kama wa mtu mwingine yeyote. Jahazi lenyewe lilikwisha zamani na hakuna anayedai hata senti. Lakini ngoja mkutane kwenye arusi!

Asiyezijua tarakimu za Kiarabu ajue hivi: tano ni kiduara, na sufuri ni nukta tu. Kati ya 50 na 500 pana nukta moja, ndogo kuliko kichwa cha pini. Kwa macho yangu nilikuwa naona nukta mbili. Mama anaona mbili. Binamu wa upande wa pili anasema anaona moja na uchafu. (Jumla ya ukurasa ingemaliza ubishi, lakini jumla iko tumboni mwa mchwa.) Nikaamua kulipiga picha daftari zima, ukurasa kwa ukurasa, kabla halijageuka unga.

Kamera ya dijitali ninayo. Nikaenda duka moja katikati ya Nairobi, nikaeleza shida yangu, na muuzaji hakusita: "Boss, chukua hii, imeandikwa makro." Kweli ilikuwa imeandikwa MACRO, kwa herufi za rangi ya machungwa, kwenye lenzi ya kuvuta, zile zinazorefuka na kufupika. Nilipofika nyumbani nikapiga ukurasa mmoja. Katikati maandishi yalikuwa safi kabisa. Pembezoni herufi zilikuwa kama zimelowa maji. Nikilenga pembezoni, katikati panaharibika. Na nilipojaribu kuisogelea ile nukta, lenzi ilifika mwisho wake na kukataa kwenda mbele. Kesho yake niliirudisha, nikaambiwa kitu kikishatoka dukani hakirudi. Haya. Nikaketi kutafuta neno "makro" lina maana gani hasa.

Tuanze na hesabu, si ndefu. Filamu ya milimita 35, na vihisi vya kamera kubwa za leo, vina eneo la milimita 36 kwa 24. Ukipiga picha ya kitu na taswira yake juu ya kihisi ikawa na ukubwa ule ule wa kitu chenyewe, hiyo huitwa moja kwa moja, yaani 1:1. Sarafu yenye upana wa milimita 20 inachukua milimita 20 za kihisi. Taswira ikiwa nusu ya kitu ni 1:2, ikiwa robo ni 1:4. Kwa desturi lenzi ya makro kamili ni ile inayofika 1:1, na ile ya 1:2 nayo hukubaliwa bila ugomvi. Hii yangu ya machungwa iliishia 1:4.

Kwa nini lenzi ya kawaida haiwezi kusogea tu? Ili ilenge kitu cha karibu, lenzi lazima isogezwe mbali na filamu. Ya milimita 50 ikitaka kufika 1:1 lazima iongezewe milimita 50 nyingine, na hapo inabakiwa na robo tu ya mwanga iliyokuwa nao. Juu ya hayo, lenzi ya kawaida imekokotolewa kwa ajili ya vitu vya mbali: milima, watu, mpira uwanjani. Ukiilazimisha karibu, hesabu zake zinaharibika, na kuharibika huko huanzia pembezoni.

Wapiga picha wa mwanzo shida hii haikuwasumbua sana. William Henry Fox Talbot, Mwingereza aliyegundua njia ya kupiga picha kwenye karatasi, alikuwa akipiga vitu vidogo kwa hadubini ya jua tangu kwenye mwaka 1840 hivi. Kamera za mbao zilizofuata zilikuwa na mivukuto mirefu kama ya mhunzi: ukitaka kukaribia kitu unavuta tu. Jina ndilo lililowachelewesha. Mwaka 1899 W. H. Walmsley alipendekeza picha zilizokuzwa chini ya mara kumi ziitwe za makro, ili zisichanganywe na picha halisi za hadubini. Kwa hiyo neno lina zaidi ya miaka mia moja, na tangu hapo limekuwa likitumiwa vibaya.

Shida yenyewe ilikuja na kamera ndogo. Leica ilipoingia sokoni mwaka 1925 ilimpa mpiga picha kamera ya mfukoni, lakini dirisha la kutazamia lilikuwa kando ya lenzi. Kwa mbali haidhuru. Kwa karibu, jicho linaona ua na lenzi inaona jani lililo pembeni. Watu walitumia stendi, fremu za waya, kila aina ya vifaa vya kupimia umbali. Nafuu ilipatikana Dresden mwaka 1936, kampuni ya Ihagee ilipotoa Kine Exakta, kamera ya filamu ya milimita 35 yenye kioo ndani kinachomwonyesha mpiga picha kile kile lenzi inachokiona. Hata hivyo, ili kukaribia ulilazimika kufungua lenzi, ukaingiza pete au mivukuto, ukafunga tena. Na ukitaka kurudi kupiga kitu cha mbali, unafungua tena. Hebu fikiria kipepeo anakungoja umalize hayo yote.

Aliyemaliza usumbufu huo ni Heinz Kilfitt, Mjerumani aliyekuwa na karakana Vaduz, mji mkuu wa Liechtenstein, nchi ndogo ambayo sidhani wengi wetu tunaweza kuionyesha kwenye ramani. Mwaka 1955 alitoa Makro-Kilar ya milimita 40. Ilizunguka kutoka kwenye milima hadi karibu kabisa bila kufungua chochote. Ya aina moja ilifika 1:2, ya aina nyingine 1:1. Ndiyo lenzi inayohesabiwa kuwa ya kwanza ya makro kuuzwa kwa kamera ndogo. Kasoro yake inaeleweka kwa hesabu ile ile ya juu: lenzi fupi namna hiyo, kwenye 1:1, inasimama sentimita chache tu kutoka kwa kitu. Mdudu anakimbia, na kivuli cha kamera kinaanguka juu ya kile unachopiga.

Kilfitt alitatua usumbufu wa mkono. Ile shida yangu mimi, ya herufi za pembezoni zilizolowa, ilitatuliwa na watu wengine kabisa, na hao hawakuwa wakifikiria vipepeo wala maua. Walikuwa wakifikiria kusoma.

Hapa inabidi turudi nyuma kidogo, kwenye maikrofilamu, yaani ule ufundi wa kupiga picha ya ukurasa hadi uwe mdogo sana. Mwaka 1839 John Benjamin Dancer, fundi wa vifaa vya kisayansi kule Manchester, alianza kupunguza maandishi mpaka yasisomeke bila hadubini. Watu waliona ni mchezo tu. Kisha Paris ikazingirwa na majeshi ya Prussia, kuanzia Septemba 1870 hadi Januari 1871, na barua hazikuweza kuingia. Mpiga picha René Dagron aliondoka mjini kwa puto tarehe 12 Novemba 1870. Puto lake liliitwa Niépce. La pili, lililobeba sehemu ya vifaa vyake, liliitwa Daguerre na lilitunguliwa na adui. (Majina yote mawili ni ya mababa wa upigaji picha. Wafaransa hao!) Huko nje Dagron alipiga picha za kurasa nzima za barua kwenye vipande vyepesi vya filamu, vikakunjwa ndani ya unyoya mtupu na kufungwa kwenye mkia wa njiwa. Njiwa akifika Paris, filamu inaangazwa kwa taa ukutani na makarani wananakili. Hiyo ndiyo barua pepe ya 1870.

Baadaye ufundi huo ulihamia kwenye benki. Mfanyakazi wa benki wa New York, George McCarthy, alitengeneza mashine ya kupiga hundi picha miaka ya 1920, na mwaka 1928 Kodak wakaanza kuiuza kwa jina la Recordak. Baada ya vita vya pili vya dunia, maktaba nyingi duniani zilikuwa zikijaza makabati kwa filamu za magazeti na vitabu.

Sasa twende Japani. Maikrofilamu ilikuwa imezoea herufi za Kilatini. Herufi "a" ikififia kidogo bado ni "a". Hata ikitoweka kabisa utaikisia kwa herufi za jirani. Maandishi ya kanji hayakupi nafasi hiyo. Alama moja inaweza kuwa na mistari zaidi ya 20 iliyobanana ndani ya nafasi ya herufi moja, na mistari miwili ikiungana huna tena neno lile, una neno jingine au doa. Profesa Koana Masao wa Chuo Kikuu cha Tokyo alitaka lenzi inayoweza kuhifadhi maandishi kama hayo kwenye filamu ndogo, na kampuni ya Nippon Kogaku, ambayo leo ni Nikon, ikalifanyia kazi ombi hilo. Mwaka 1956 ikatoka Micro-Nikkor ya sentimita 5, yenye tundu la f/3.5.

Tundu hilo si kubwa, na lenzi za kawaida za wakati ule zilikuwa zimeshaipita kwa mwanga. Lakini ilikuwa imekokotolewa kwa vitu vya karibu tangu mwanzo, na zaidi ya hapo, kwa vitu bapa. Hili ndilo jambo ambalo muuzaji wangu hakulijua. Lenzi nyingi, ukizikaribisha, hazilengi bapa la karatasi. Zinalenga umbo kama la ndani ya bakuli. Ukipiga ua hutagundua, kwa kuwa ua lenyewe si bapa. Ukipiga ukurasa, katikati inakaa kwenye bakuli na pembe nne zinabaki nje. Lenzi ya kunakili maandishi haiwezi kusamehewa kosa hilo, maana mwandishi hakuacha kuandika alipofika pembeni.

Na jina? "Micro" ile ni ya kazi ya maikrofilamu. Mpaka leo Nikon wanaziita lenzi zao za aina hii Micro wakati wengine wote wanasema Macro, na kila mara mtu mpya anapoingia kwenye upigaji picha anauliza ni tofauti gani. Sasa unajua.

Niliposoma kisa cha Koana niliruka kitini. Maandishi ya babu yana shida ile ile! Katika herufi zetu za Kiarabu, be, te, the, nuni na ye zikiwa katikati ya neno zina umbo moja; kinachozitofautisha ni nukta peke yake. Moja chini ni be, moja juu ni nuni, mbili juu ni te. Ukipoteza nukta moja umepoteza herufi, na ukiongeza moja umeandika neno ambalo marehemu hakuliandika. Tenzi na barua za pwani zilizohifadhiwa Dar es Salaam na London zote zinaning'inia kwenye vitone hivyo. Mtu asiyejua kusoma tunasema hajui alifu kwa kijiti. Lenzi yangu ya machungwa hata kijiti ilikuwa inakiona; kitone ndicho kilichoishinda.

Wakenya nao hatuko mbali na hadithi hii. Nyaraka za serikali zilizo katika Hifadhi ya Kitaifa ya Nyaraka, lile jengo la mawe la Moi Avenue ambalo zamani lilikuwa benki, zilipigwa maikrofilamu kwa wingi kuanzia miaka ya 1960 kwa ajili ya Chuo Kikuu cha Syracuse kule Marekani. Wanafunzi wa historia wa huko wamesoma barua za maDC wetu kwenye mashine yenye taa, wengine bila kukanyaga Nairobi. Kila ukurasa wao ulipita kwenye lenzi ambayo mtu aliichagua vizuri au vibaya. (Kama ni haki nyaraka zetu zisomeke kwa urahisi zaidi New York kuliko Nyeri, hilo ni la siku nyingine.)

Nilisema historia hii inarudi kwenye tarakilishi. Inarudi hivi. Lenzi inayoweza kuupunguza ukurasa wa kanji bila kuunganisha mistari inaweza pia kuupunguza mchoro wowote. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 viwanda vya elektroniki vilikuwa vikitafuta njia ya kuchora saketi ndogo sana: unachora mchoro mkubwa, unaupiga picha, unaupunguza, na ule mdogo unakuwa kiolezo cha kuchapia juu ya silikoni. Ndani ya Nippon Kogaku, Wakimoto Zenji alibuni lenzi za Ultra-Micro-Nikkor kwa kazi hiyo. Ya kwanza, ya milimita 105, ilitoka 1962, na ile ya milimita 29.5 ya mwaka 1964 iliweza kutenganisha mistari 1,260 ndani ya milimita moja. Soma tena: ndani ya milimita moja. Njia yenyewe ilienea dunia nzima. Chipu ya Intel 4004 ya mwaka 1971, yenye transista karibu 2,300, violezo vyake vilikatwa kwa mkono kwenye karatasi kubwa za plastiki nyekundu kisha vikapunguzwa kwa picha. Na mwaka 1980 Nikon walitoa NSR-1010G, mashine ya kuchapa chipu moja baada ya nyingine kwenye kisahani cha silikoni, ambayo ndani yake, ukiondoa mota na vipimo, ni lenzi ya kupunguza mchoro. Kwa hiyo nikiandika programu naandika juu ya picha. Nimefanya kazi hii miaka mingi bila kuliwaza hilo hata siku moja.

Nikiwa hapo niseme pia lile neno la machungwa lilitoka wapi. Miaka ya 1960 lenzi za makro zilikuwa vyombo vya watu wenye kazi maalumu: maktaba, maabara, hospitali. Nikon hata walikuwa na lenzi ya madaktari, ya mwaka 1962, yenye mwanga wa duara umeizunguka. Miaka ya 1970 lenzi za kuvuta zilipoenea, watengenezaji wengi wakagundua kwamba wanunuzi wanalipenda neno hilo. Lenzi yoyote iliyoweza kukaribia kidogo kuliko nyenzake ikaandikwa MACRO. Hakuna sheria inayokataza. Mojawapo ya nakala za nakala za tabia hiyo ndiyo niliyouziwa mimi.

Basi, unachaguaje? Mimi nilianza vibaya kwa kuuliza lenzi gani ni bora. Ilinipasa kuuliza napiga nini na kitu hicho kinakaa vipi. Karatasi, stempu, sarafu, picha za zamani: hivi havikimbii na ni bapa. Lenzi ya milimita 50 hadi 60 inatosha, ilimradi iwe ya makro ya kweli iliyokokotolewa kwa bapa. Inasimama karibu, stendi inakuwa fupi, na kamera haitikisiki. Kwa ukurasa mzima hata hiyo 1:1 huihitaji; daftari la babu lote linaingia kwenye 1:4 au karibu na hapo. Unachohitaji ni pembe nne zinazosomeka. Lile lililonisumbua mwanzoni, kwamba lenzi yangu iliishia 1:4, kwa kurasa nzima halikuwa kosa lake kubwa.

Wadudu ni habari nyingine. Kwao umbali ndio mali. Lenzi ya milimita 90 hadi 105 inakupa nafasi ya kupumua, na ndiyo sababu wapenzi wengi wa makro huishia hapo. Canon na Nikon zote zina za namna hiyo zinazofika 1:1 kitu kikiwa karibu sentimita 31 kutoka kwenye kihisi, na toleo la Nikon la 2006 na la Canon la 2009 yana kizuia mtikisiko, ingawa ukishakaribia kabisa usikitegemee sana. Kwa vipepeo waoga au nyoka (Mungu apishe mbali) kuna za milimita 150 hadi 200, nzito na za bei ya kuumiza. Wapo wanaotaka kupita 1:1: Canon walitoa mwaka 1999 MP-E ya milimita 65 inayoanzia 1:1 na kwenda hadi mara tano, na haiwezi kupiga kitu kingine chochote, hata uso wa mtu aliye mbele yako. Naipenda kwa ukaidi huo, lakini siihitaji.

Kama mfuko wako ni kama wangu, tafuta za mtumba. Makro za zamani zisizo na ulengaji wa otomatiki ni rahisi, na kwa kazi ya karibu ulengaji wa mkono ndio bora hata hivyo. Shika lenzi dhidi ya mwanga utazame kuvu, nyuzi nyeupe kama utando wa buibui ndani ya kioo. Zilizokaa pwani huwa nazo mara nyingi kwa sababu ya unyevu. Fungua na kufunga tundu uone kama vile vyake vinarudi haraka au vimegandwa na mafuta. Na kwa za Nikon, zilizotengenezwa kabla ya 1977 na hazijarekebishwa zinaweza kuvunja kidole kidogo kilicho kwenye mdomo wa kamera nyingi za baadaye. Uliza kabla ya kulazimisha.

Yangu niliipata kwa mzee mmoja aliyefunga studio yake. Ni Micro-Nikkor ya milimita 55, f/3.5, kizazi cha ile iliyoanza 1963, pamoja na pete yake: peke yake inafika 1:2, ukitia pete inafika 1:1. Naitumia kwa adapta. Nilimuuliza alikuwa akiifanyia nini. "Kijana, hii ndiyo iliyonisomeshea watoto," akasema. "Mtu anakuja na picha moja ya marehemu baba yake, imekunjwa mara nne, anataka nane, kila mtoto yake." Bei aliyoniuzia ilikuwa chini ya ile ya machungwa.

Namna ya kupiga nimejifunza kwa kukosea. Kamera lazima iwe sambamba na karatasi, na jicho halitoshi kupima hilo. Weka kioo kidogo cha kujitazamia juu ya ukurasa, tazama ndani ya kamera: ukiona lenzi yako inajitazama katikati kabisa ya picha, uko sambamba. Taa mbili, moja kila upande, zikiwa zimeinama nusu, ili pasiwe na mng'aro. Tundu f/8, ukilifunga hadi f/22 ukidhani unaongeza ukali, kwa karibu unaupunguza. Na tumia kipima muda, kidole chako chenyewe ni tetemeko la ardhi. Kurasa 62 zilichukua jioni mbili, na pembe zote zinasomeka, ukiacha zile walizokula mchwa.

Kisha nikatia pete na kwenda kwenye ule ukurasa wa 1938.

Nilizima taa moja na kuishusha nyingine mpaka mwanga ukawa unapita juu ya karatasi kama jua la machweo. Kwenye picha, nukta ya kwanza baada ya kile kiduara ilikuwa ya rangi ya kahawia iliyofifia, sawa na herufi zote za jirani, na kingo zake zilikuwa zimejipenyeza kwenye nyuzi za karatasi kama wino unavyofanya. Nukta ya pili ilikuwa nyeusi zaidi, duara kamili, inang'aa kidogo, na ilikuwa na kivuli. Wino hauna kivuli. Nikafungua jalada la nyuma, mahali ambapo babu hakuandika chochote, nikapiga hapo pia. Nukta kama ile ya pili zilikuwepo zaidi ya 20, zimetapakaa bila mpango. Kinyesi cha nzi.

Wenzangu wa programu mnakijua kisa cha mwaka 1947, nondo aliyekutwa ndani ya tarakilishi ya Mark II kule Harvard akabandikwa kwa tepu kwenye daftari la kazi. Wangu ni nzi, na amekaa kwenye hesabu za familia yetu zaidi ya miaka 80 bila mtu kumshuku.

Nilimpelekea mama picha zote, nikamwonyesha nukta zote mbili kwenye kioo cha tarakilishi. Aliitazama ile ya pili muda mrefu. Akaniuliza kama kamera inaweza kukosea. Nikamwambia inaweza, lakini si hapa. Akataka kuona jalada tena.

"Kwa hiyo ni hamsini."

"Ni hamsini, mama."

Akainuka kwenda kuchungulia chungu jikoni. Alipokuwa mlangoni akageuka: "Mwanangu, usiwaonyeshe wale mpaka arusi ipite."

Arusi ilikuwa Jumamosi iliyopita.